Wageni wa Sauti Nne

Kwaya ngeni ikija parokiani kwetu kuimba Misa ya sauti nne, jambo la kwanza ninalowaomba ni wafunge nota zao, wakae kwenye mabenchi ya waamini, wasikilize. Paroko akiwa na nafasi husimama altareni na kuipitia nao Misa kwa kifupi: hapa nitaketi, hapa nitasimama, hapa tutanyamaza sote, hapa ninyi mtaanza bila kungoja ishara yangu. Robo saa inatosha. Wengi wao wanaujua muziki huo kutuzidi sisi wenyeji. Wameuimba kumbini, wengine wameurekodi. Ila hawajawahi kuuimba mahali ulipotungiwa, na tofauti yake ni kubwa.

Naishi Essex, mashariki mwa Uingereza, nilikokuja kwa kazi ya uuguzi nikakaa. Parokia yetu ni ndogo. Kwaya yake ina wauguzi kutoka Kerala, mama mmoja Mfilipino na binti zake, Wanaijeria wawili watatu, wazee wenye asili ya Ayalandi, na mimi mtu wa Songea, sauti ya pili. Sauti ya nne tunamtegemea mtu mmoja. Akipangwa zamu ya usiku, basi Jumapili hiyo hatuna besi. Ndiyo maana kwaya ya mtaa ya mji wa jirani ilipoandika kuomba waje kuimba nasi, paroko hakusita hata kidogo.

Kwaya za mtaa za huku si mali ya kanisa lolote. Watu hukutana jioni moja kwa wiki katika ukumbi wa shule, huchanga ada, humlipa mwalimu, huimba. Hakuna anayekuuliza unasali wapi. Utakuta humo walimu wastaafu, madereva, mkunga, mhasibu, mwanafunzi wa sheria. Wengine ni Waanglikana, wengine Wamethodisti, na wengi hawasali popote. Lakini wakipewa karatasi ya muziki wa karne ya 16 nyuso zao hubadilika. Kwa Jumapili ile walichagua Misa ya sauti nne ya William Byrd, na kwa sisi tulioko Essex uchaguzi huo ulikuwa na uzito wa pekee.

Byrd alikuwa mwanamuziki wa kanisa la malkia Elizabeth I, mtu wa ikulu hasa, na wakati huohuo alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyopiga marufuku Misa. Sheria ya mwaka 1581 ilimtoza asiyehudhuria ibada za serikali pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo ziliweza kumfilisi mtu mwenye mashamba. Sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padre aliyepewa daraja ng'ambo kuwa mhaini kwa kuonekana tu nchini. Ndani ya hali hiyo, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1590, Byrd alitunga Misa tatu, moja ya sauti nne, moja ya tatu na moja ya tano, zikachapishwa bila ukurasa wa kichwa. Miaka hiyohiyo alihamia Stondon Massey, kijiji cha Essex, karibu na Ingatestone Hall, nyumba ya familia ya Petre, Wakatoliki wenye nguvu waliomkinga. Nyumba hiyo ipo hadi leo, na ukoo uleule bado unaishi humo.

Kila sauti ilikuwa na kitabu chake chembamba. Mwenye kitabu cha sauti ya pili aliiona sauti ya pili peke yake. Zilizobaki alizijua kwa sikio. Mwaka 1605 Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alitiwa mbaroni na kufungwa kwa sababu alikutwa na vitabu vya muziki wa Byrd. Ninapowasimulia wageni habari hii huwa wanazigeuza zile karatasi mikononi kwa namna nyingine.

Mimi habari ya vitabu vya sauti mojamoja ilinigusa kwa sababu nilijifunza kuimba hivyohivyo. Songea tulikuwa tunagawanywa: sauti ya kwanza wanakaa kanisani, ya pili tunatoka nje chini ya mwembe, ya tatu nyuma ya sakristia, ya nne wanakwenda mbali zaidi kwa sababu ya kelele zao. Kila kundi na mtu wake wa kulishika, na karatasi moja ya solfa inayozunguka. Wengi hawakuwa wakisoma hata hiyo solfa, walikariri. Baada ya muda mwalimu anapiga kengele, tunarudi ndani, anatoa do, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza unausikia wimbo wenyewe. Wiki nzima umekuwa ukiimba kitu kisicho na kichwa wala miguu, noti tatu zinazorudiarudia, kumbe ndizo zinazoishikilia sauti ya kwanza isianguke. Kuimba sauti nyingi nilikupenda siku hiyo, na nilikupenda kama kazi ya watu wanaohitajiana.

Ziara za kwaya nazo zilinifunza. Tulikuwa tukipanda lori au basi, sare zimekunjwa kwenye mifuko, ngoma nyuma, tunakwenda kuimba Misa katika parokia ya mbali. Mwalimu wetu alikuwa na kawaida moja. Tukifika, kabla ya chai, anakwenda kwa mwenyekiti wa kwaya mwenyeji na kumwuliza: hapa kwenu Mtakatifu mnaimba upi? Na Baba Yetu mnaimba au mnasali? Akiambiwa waamini wa pale wamezoea Mtakatifu fulani, ule mpya tuliouandaa kwa mwezi mzima anaukunja. Vijana tulinung'unika. Yeye alisema tu, "Hawa watu hawajaja kututazama, wanangu."

Basi nikajikuta Essex, mimi ndiye mwenyeji na wageni ni Waingereza. Mazoezi ya pamoja tulianzia kwenye irabu. Kilatini cha kanisani kina irabu safi tano kama Kiswahili, wala hazitelezi. Mwingereza akiimba "Dei" ile e huanza mahali pamoja na kuishia pengine, na watu arobaini wakifanya hivyo kila mmoja kwa wakati wake sauti inakuwa na ukungu. Mwalimu wao aliniomba nitamke neno kwa neno, nao warudie. Nilitamka De-i, silabi mbili, kila moja imesimama. Nilitamka "Agnus" kwa ny ile ya nyumba. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniuliza nimejifunzia wapi Kilatini. Nikamwambia nimejifunza Kiswahili.

Ugumu wa pili ulikuwa Utukufu. Byrd hakuyatilia muziki maneno ya mwanzo ya Gloria. Sauti zake nne zinaanzia "Et in terra pax", kwa kuwa mstari wa kwanza ni wa padre. Kwenye tamasha mtu mmoja wa sauti ya tatu huuimba mstari huo, na kwa kuwa do inajulikana, kwaya inaingia salama. Kwenye Misa padre anaanzia pale koo lake lilipo asubuhi hiyo. Paroko wetu ana sauti nzito na kinanda hakimsumbui. Mwalimu wa wageni aliposikia ameanzia chini mno alitaka kwanza kumpigia noti, kisha akatulia, akasikiliza, akaishusha kwaya yote ikamfuata padre. Besi waliguna kidogo wakazama. Walimu wa kwaya wa kwetu hufanya hivyo kila Jumapili, hata hawaoni kama ni jambo. Kwa mwalimu yule lilikuwa jambo. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote ya muziki yeye ndiye aliyekuwa akitoa sauti, na siku ile alipewa.

Niseme sasa juu ya Mtakatifu, yaani Sanctus, maana hapo ndipo penye kesi.

Katika Misa ya zamani kwaya ilipokuwa ikiimba Sanctus padre aliendelea na sala yake kwa sauti ya chini, na sehemu ya "Benedictus" mara nyingi ilisubiri hadi baada ya mageuzo. Muziki mrefu haukumchelewesha mtu. Leo Sala ya Ekaristi inasaliwa kwa sauti, kwa hiyo Sanctus ya Byrd ikianza, padre anasimama, watumishi wanasimama, kanisa zima linasimama dakika tatu au nne likisubiri. Na linasimama kimya. Dakika moja kabla padre ametualika sote tuungane na malaika, kisha wanaoungana nao ni watu arobaini waliofika kwa basi asubuhi ile.

Baada ya Misa ile ya kwanza bibi mmoja wa Kiayalandi, ambaye hakosi Misa hata theluji ikianguka, alinishika mkono mlangoni. Hakuwa na hasira. "Imekuwa nzuri sana, mwanangu," alisema, "ila Mtakatifu ni wangu. Nimeuimba tangu mdogo." Wapo waliomwona mzee asiyeelewa sanaa. Mimi nilimwona yuko sahihi, na Kanisa liko upande wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema wazi kwamba muziki wa sauti nyingi haufukuzwi katika ibada. Hati ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967 juu ya muziki mtakatifu ikaongeza kwamba kwaya inaweza kuimba sehemu za Misa kwa sauti nyingi, mradi waamini wasinyimwe kabisa kuimba, na kwamba Mtakatifu kwa kawaida uimbwe na watu wote pamoja na padre. Hati hiyo haikuandikwa na watu wanaouchukia muziki. Wanaujua ndiyo maana wanauwekea mahali.

Tangu hapo tunakubaliana na kila kwaya inayokuja: Kyrie ni yenu, Utukufu ni wenu, Agnus Dei ni wenu. Mtakatifu ni wa kanisa zima, kwa wimbo mfupi wa kale ambao kila mtu anaujua, nanyi mtauimba pamoja nasi. Kwaya moja ilikataa kuja kwa sharti hilo. Sikuhuzunika.

Na hapa sitaki mtu wa nyumbani asome haya akidhani ni matatizo ya Wazungu na Kilatini chao. Nikirudi likizo Tanzania nakuta jambo lilelile limevaa kitenge. Kwaya nzuri, kinanda cha umeme, sare mpya, na kila Jumapili Misa mpya ya mtunzi mpya, ambayo mama mwenye rozari benchi la tatu hajawahi kuisikia na hataisikia tena. Anafungua mdomo kwenye kiitikio, wimbo unageuka, anaufunga. Wimbo ni wa Kiswahili, kila neno analielewa, na bado amenyang'anywa. Watunzi wetu wana kipaji kikubwa sana. Nawaomba watuachie Misa moja ikae miaka.

Sitaki kusema kwamba kusikiliza si kushiriki. Mtu anayesikiliza zaburi anashiriki. Byrd akiimbwa vizuri anawafanya watu wasali, nimeliona kwenye nyuso za wauguzi wenzangu waliotoka kazini alfajiri. Ninalolisema ni kwamba kuna mahali pa kusikiliza na mahali pa kutamka, na mgeni hana budi kuulizia. Mahali pa kusikiliza kuliko pote, kwangu mimi, ni Agnus Dei.

Byrd ameipanga hivi. Ombi la kwanza ni sauti mbili tu, ya kwanza na ya pili. La pili ni sauti tatu, na sauti ya pili inanyamaza. La tatu ni zote nne, na kwenye "dona nobis pacem" sauti zinagongana na kuachiana, zinagongana tena, kila moja ikichelewa kidogo kuiachia noti yake, kana kwamba amani inaombwa na watu ambao hawajaipata. Ni zaidi ya dakika tatu. Na parokiani kwetu, kama katika parokia nyingi, kumega mkate kulikuwa kunakwisha kabla watu hawajamaliza kupeana mikono ya amani. Padre anaikata hostia vipande viwili, anatia chembe katika kikombe, tayari.

Kwenye mazoezi mwalimu wa wageni aliuliza afanye nini, akatishe ombi la pili? Paroko akafikiri. Kisha akasema kwamba maelekezo ya Misale yenyewe yanataka hostia iwe kubwa, imegwe vipande, angalau waamini kadhaa wapewe sehemu ya mkate ule uliomegwa, na kwamba yeye kwa miaka mingi hakulitenda hilo kwa kuogopa kuchelewesha watu. Wimbo huu nao, alisema, umewekwa pale ili kusindikiza umegaji, na unaweza kurudiwa kadiri unavyohitajika. Akaagiza hostia kubwa.

Jumapili ile niliimba ombi la kwanza nikiitazama karatasi, maana tulikuwa wawiliwawili na hakuna pa kujificha. Ombi la pili sauti ya pili tunanyamaza, kwa hiyo niliinua macho. Paroko alikuwa akimega polepole, hostia ikitoa ule mlio mkavu mdogo, vipande anavipanga kwenye patena, chengachenga anazikusanya kwa kidole. Besi walikuwa wamejazana nyuma yangu, na nilihisi sauti yao mgongoni. Zilipoingia zote nne yeye bado alikuwa akimega. Mgeni njoo, mwenyeji apone: tuliletewa muziki mrefu na watu ambao nusu yao hawaamini kilichoko altareni, nao ukaturudishia tendo tulilokuwa tukilipita mbio.

Kwenye chai ukumbini, mzee mmoja wa sauti ya tatu, mhandisi mstaafu, alinijia. Aliniambia haamini, ila ameimba kipande kile tangu ujana wake. "Siku zote nilidhani ule mwisho ni huzuni ya Byrd," alisema. "Leo nimeona kuna kitu kinavunjwa." Sikumjibu kwa mahubiri. Nilimwongezea chai. Amekuja kila mara kwaya yao inapokuja, na hukaa pembeni, upande ambao nguzo haimzibii altare.

Wageni wasio Wakatoliki huuliza pia wafanye nini wakati wa komunio, na ni heri kuwaambia mapema kuliko kuwaacha wahangaike. Anayetaka baraka anakuja amekunja mikono kifuani, asiyetaka anabaki na kuimba. Kwa kuwa wanaobaki ni wengi, kwaya yetu ya nyumbani inaweza kwenda kupokea yote pamoja bila wimbo kukatika, jambo ambalo Jumapili za kawaida hatuliwezi. Wanatushikia wimbo tunapokwenda mezani.

Wakishazoea, nao huanza kutuuliza. Wengi wanaijua Missa Luba, ile ya Kongo iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya padre Guido Haazen wa Kamina, maneno ya Kilatini ndani ya uimbaji wa kule. Walidhani ndiyo nitakayoitaka. Nikawaeleza kwamba Kamina iko katika lililokuwa jimbo la Katanga na Kiswahili kinasemwa huko, lakini mimi nimelelewa na kitu kingine: na watunzi kama padre Stephen Mbunga, aliyetunga Missa Baba Yetu, na ambaye mwaka 1963 alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea kwamba milio yetu ina haki ya kusimama mbele ya altare. Wakaomba Misa ya Kiswahili kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, 22 Novemba.

Karatasi nilizonazo ni za solfa, nakala ya nakala. Nilianza kuzihamishia kwenye mistari mitano, usiku, baada ya zamu, nikijua hawataweza kuzisoma. Solfa hii tunayoiona kama ya kwetu ilianzia hukuhuku. Sarah Glover aliibuni Norwich, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza kutoka Plaistow, ambayo wakati huo ilikuwa ya Essex. Wamisionari wakaipeleka Afrika, na Waingereza wengi wakaiacha. Lakini mama wa sauti ya kwanza, yule aliyeniuliza habari za Kilatini, aliichukua karatasi ya Songea juu ya meza, akaitazama, akaimba mstari mzima wa Bwana Utuhurumie bila kukosea hata noti moja. Alifundishwa shule ya msingi, kwa ishara za mikono.

Sasa yeye ndiye anayewashika sauti ya kwanza, mimi ya pili, na kila kundi linajifunzia chumba chake. Tumekubaliana karatasi zichapwe zikiwa na solfa chini ya mistari. Utukufu tumeuchagua wenye kiitikio kifupi, na kiitikio hicho tutawafundisha waamini kwa Jumapili mbili kabla ya sikukuu, baada ya matangazo, bibi wa Kiayalandi akiwa benchi la mbele.